Kiboko Kilitoka Kambini, Kambi Na Ikitoe Shuleni

Si mara moja wala mbili kuonekana jambo hili katika malango ya kambi zetu na katika vituo vya polisi. Mzazi hufika amemshika mwanawe mkono, mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, akamwomba askari wa zamu amchape mtoto huyo viboko vichache ili apate adabu. Kosa lenyewe huwa ni kutoroka shule, au kuchukua fedha za chumvi zilizowekwa chini ya godoro, au kumjibu mama kwa ukaidi. Askari mmoja hucheka na kuwarudisha nyumbani wote wawili. Mwingine huinuka, akatafuta fimbo, akatimiza ombi, naye hupewa shukrani kama mtu aliyefanya kazi ya serikali.

Yatupasa tujiulize kwa nini mzazi huyo hakwenda kwa kasisi, wala kwa shehe, wala kwa mjomba wa mtoto, bali alimwendea mtu aliyevaa sare. Jibu si la kupendeza. Alikuja kwa sababu katika mawazo ya watu wetu sare na kiboko ni kitu kimoja. Na watu wetu hawakujitungia wazo hilo, walifundishwa.

Kiboko ni mnyama wa mtoni. Ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa, ikawa mjeledi, na mjeledi ukachukua jina la mnyama. Katika nchi jirani zilizokuwa chini ya Wadachi, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi, wazee waliyakumbuka maneno mawili kuliko sheria zote za utawala ule: hamsa ishirini. Hivyo ni viboko 25, ambavyo kwa amri ya 1896 vilikuwa ndiyo kikomo cha kumpiga Mwafrika kwa mara moja. Mwenye kuagiza alikuwa mkoloni. Mwenye kuinua mkono, mara nyingi, alikuwa askari mweusi, ndugu wa yule aliyelazwa chini.

Kwa upande wetu Waingereza walifanya yao kwa utaratibu wao. Jambo hili afadhali kila mwanajeshi alijue. Uingereza iliondoa adhabu ya kuchapwa katika jeshi lake mwaka 1881, kwa kuwa iliona kwamba askari anayechapwa mbele ya wenzake havunjwi ukaidi tu, huvunjwa na utu wake pia. Lakini ilipounda Jeshi la KAR mwaka 1902 kwa ajili ya Afrika Mashariki, kile ilichokuwa imekikataza kwa wana wake ilikiendeleza kwa wana wetu, nao waliendelea kuchapwa kwa miaka mingi. Babu zetu waliovaa kofia nyekundu za KAR walilala kifudifudi wakahesabiwa viboko, ilhali askari Mwingereza wa cheo kilekile hakuguswa. Hapo ndipo kiboko kilipopata heshima yake bandia. Kilikuwa alama ya nani anaamuru na nani anaamriwa.

Kutoka kambini hadi shuleni haikuwa safari ndefu. Shule za wakoloni zilihitaji karani na mkalimani mtiifu, asiyeuliza sana. Zikachukua kengele, mstari, gwaride la asubuhi na fimbo. Shule za bweni za mtindo wa Kiingereza ziliongeza jambo jingine: kumpa mwanafunzi mkubwa ruhusa ya kumwadhibu mdogo wake, ili naye ajifunze kutawala. Hatusemi kwamba kabla ya hapo hakuna mtoto wa Afrika aliyewahi kupigwa kofi na mzazi wake. Tungekuwa tunajidanganya. Lakini kumpanga mtoto mbele ya wenzake sabini, kumhesabia viboko kwa idadi ya hesabu alizokosa, na kuliita jambo hilo elimu, hayo hatukurithi kwa mababu. Hata neno lenyewe, katika lugha kadhaa za Uganda, lilibaki kuwa kiboko bila kutafsiriwa, kama mgeni asiyepata jina la ukoo.

Basi tutazame nchi yetu imefika wapi. Katiba ya 1995, katika ibara ya 24, inakataza mtu yeyote kuteswa au kutendewa ukatili na mambo ya kumdhalilisha, na ibara ya 44 inasema kwamba haki hiyo haiondolewi kwa sababu yoyote ile, wala kwa vita. Mwaka 2001, katika shauri la Kyamanywa Simon, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba adhabu ya viboko iliyokuwa katika sheria ya jinai inapingana na Katiba. Tokea siku hiyo jambazi aliyepatikana na hatia hachapwi kwa amri ya mahakama. Atafungwa, lakini mwili wake hauguswi.

Mtoto wa shule alingoja zaidi. Agosti 2006 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kupiga marufuku viboko shuleni na vyuoni. Waraka ulisomwa, ukatundikwa ukutani, na katika shule nyingi fimbo iliendelea kuegemea ukuta uleule. Ndipo mwaka 2016 Sheria ya Watoto iliporekebishwa. Sasa mwenye mamlaka katika mahali popote pa kutolea elimu haruhusiwi kumpa mtoto adhabu ya kumpiga, na akipatikana na hatia aweza kufungwa hadi miaka mitatu, au kutozwa faini, au vyote viwili. Tuhesabu vema: tangu mahakama ilipomkinga mhalifu hadi Bunge lilipomkinga mwanafunzi kwa sheria, ilipita miaka 15. Mtu aliyevunja nyumba ya watu usiku alipata kinga mbele ya mtoto aliyesahau jedwali la saba.

Hapa nyumbani si peke yetu. Kenya iliiondoa kanuni ya viboko shuleni mwaka 2001. Sudan Kusini, nchi ambayo baadhi ya wapiganaji wetu wanaijua kwa miguu yao, iliandika katika katiba yake ya mpito ya 2011 kwamba mtoto asipigwe na mtu yeyote, mzazi akiwa miongoni mwao. Tanzania bado inaruhusu kwa kanuni zake, na mwaka 2018 huko Bukoba, si mbali na mpaka wetu wa Mutukula, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Hatulitaji hili ili tuwacheke majirani. Sheria yetu ni nzuri kuliko yao, lakini migongo ya watoto wetu haisomi sheria.

Tunajua pingamizi litakalotoka katika mabweni ya askari, kwa maana tumelisikia kwa masikio yetu. Husemwa hivi: sisi wenyewe tulipigwa, na leo ni wanaume kamili, wenye nidhamu, walinzi wa taifa.

Sisi tunaoandika haya pia tulipigwa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi ya kutoa maswali kumi kila Jumatatu, na kiboko kimoja kwa kila swali lililokoswa. Tulijifunza nini? Tulijifunza kuvaa kaptura mbili siku ya Jumatatu. Tulijifunza kuficha daftari ndani ya kaptura, hadi mwalimu alipoutambua mlio wake. Tulijifunza kunakili kwa jirani haraka bila kuinua kichwa, ujuzi ambao baadhi yetu waliuendeleza ukubwani wakaonekana wajanja. Hesabu tulizifahamu baadaye, kwa mwalimu mwingine, mtu mpole aliyekuwa na vipande vya mabua ya mtama mfukoni, ambaye alituhesabisha vipande hivyo hadi sehemu na asilimia zikatuingia. Na kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekaa dawati la nyuma, mwenye kigugumizi. Swali lilipomfikia, neno halikutoka, na kunyamaza kukahesabiwa kuwa ni kiburi. Katika muhula wa pili hakuonekana tena. Walimu walisema ni mtoro. Tulimkuta miaka kadhaa baadaye akisukuma mkokoteni wa maji sokoni, nasi tuliona haya kumsalimu kwa jina. Huyo hahesabiwi wakati watu wanaposema kwamba waliopigwa wamekuwa wanaume kamili. Wanaohesabiwa ni waliobaki.

Tukirudi kwenye nidhamu: hakuna msomaji anayeijua kuliko askari. Na tumwulize yeye mwenyewe. Kuruta alipofundishwa kuifungua bunduki na kuiunganisha akiwa amefumba macho, alijifunza kwa nini? Kwa kurudia. Mkufunzi alionyesha, kuruta akajaribu, akakosea, akaonyeshwa tena, mara ishirini, mara arobaini, hadi vidole vikajua njia vyenyewe. Hakuna mkufunzi mwenye akili atakayemtia hofu mtu aliyeshika silaha yenye risasi. Tunafahamu kwamba mafunzo ya jeshi ni magumu, wala hatusemi kwamba kuruta hubembelezwa. Ila kuruta ni mtu aliyetimiza miaka 18, aliyejiandikisha kwa hiari, akiyajua yanayomngoja. Mtoto wa darasa la tatu hakujiandikisha mahali.

Tena kuna tofauti ambayo kila kamanda huiona vitani. Yupo askari atiiye anapotazamwa, na yupo atiiye hata akiwa peke yake kwenye lindo saa tisa za usiku. Wa kwanza amefundishwa woga. Wa pili amefundishwa nidhamu. Kiboko hutengeneza wa kwanza tu, kwa sababu somo lake ni moja: usionekane.

Jeshi letu lenyewe liliijua siri hii tangu porini. Kanuni za mwenendo za NRA, zilizotungwa wakati wa vita vya msituni na kuwekwa katika Tangazo la Kisheria Na. 1 la 1986, zinaanza na uhusiano wa mpiganaji na wananchi, na jambo la kwanza kabisa zinalokataza ni kumtukana, kumfokea au kumpiga mwananchi yeyote. Halikuwekwa pale kwa upole wa moyo tu. Wananchi wa Luwero walikuwa wameshapigwa vya kutosha na watu wenye sare, na mpiganaji aliyetaka chakula, habari na maficho alijua hatayapata kwa fimbo. Sasa tuulize swali la wazi: je, mtoto wa miaka tisa si mwananchi? Kama askari akimpiga mwuza ndizi barabarani hushtakiwa, yawezekanaje akimpiga mtoto wa mwuza ndizi huyo kwa ombi la mzazi apewe shukrani?

Na ni Luwero hiyohiyo iliyotupa ushahidi mwingine, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Mwaka 2012 watafiti, pamoja na shirika la Raising Voices la Kampala, walizichukua shule za msingi 42 za wilaya hiyo. Walipowauliza wanafunzi, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili na watumishi wa shule. Nusu ya shule, yaani 21, zilipewa mpango wa mwaka mmoja na nusu. Walimu, wakuu na wanafunzi walikaa pamoja, wakakubaliana malengo na kanuni za shule yao, wakajadili matumizi mazuri na mabaya ya mamlaka, wakajifunza namna za kurekebisha kosa bila kupiga. Shule 21 nyingine ziliachwa kwanza kama zilivyo, ili ulinganisho uwe wa haki. Mwaka 2014 wakauliza tena. Katika shule zisizopata mpango, watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na watumishi wa shule katika juma moja lililopita. Katika shule zilizopata mpango walikuwa 31.

Wapo watakaosema 31 bado ni wengi. Ni kweli, ni wengi mno. Lakini walimu walikuwa walewale, madarasa yaleyale yaliyojaa, mishahara ileile. Hawakuletewa walimu kutoka Ulaya. Kilichobadilika ni mashauriano na desturi. Na jambo moja la utafiti huo lawahusu polisi moja kwa moja: katika mahojiano ya mwisho watoto 434 walieleza mambo mazito hata ikalazimu wapelekwe kwa wenye kazi ya kulinda watoto. Watoto 434 waliokuwa wamenyamaza, hadi mtu alipowauliza kwa upole.

Hatutaki kumdhulumu mwalimu. Elimu ya msingi ya bure ilipoanzishwa mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka kiasi cha milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja, na mwalimu aliyekuwa na watoto 40 alijikuta na 100 chini ya mwembe. Mtu aliyeachwa peke yake mbele ya watoto mia hushika kilicho karibu. Ndiyo maana kumtisha kwa jela peke yake hakutoshi. Afundishwe njia nyingine, na apunguziwe mzigo. Lakini kwamba kazi ni ngumu si ruhusa ya kumvunja mtoto mkono. Kazi ya polisi nayo ni ngumu, nasi twamtaka polisi asipige raia.

Wengine hutukumbusha methali: samaki mkunje angali mbichi. Tunaipokea kwa mikono miwili, maana yasema kukunja, na mwenye kukunja samaki humkunja taratibu. Akimpiga na jiwe atapata vipande.

Sasa tuje kwenye meza ya kituo cha polisi, mahali ambapo sheria ya 2016 hufa au huishi. Mama amekuja na mtoto mwenye alama mgongoni. Mara nyingi huambiwa arudi akaelewane na mkuu wa shule. Pengine mwalimu mwenyewe huitwa, akalipa gharama za dawa na soda mbili, na jambo likaisha. Tunauelewa moyo wa askari huyo: anaona wahalifu wakubwa wanangoja, na mwalimu ni mtu anayeheshimiwa mtaani, huenda ndiye anayemfundisha mtoto wake pia. Lakini kile kinachomalizwa kwa soda mbili si deni la mtu binafsi. Ni kosa la jinai. Liandikwe katika kitabu cha matukio cha kituo, mtoto apewe fomu namba 3 ya polisi akapimwe na daktari, na habari ifike kwa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Asiyeweza kufika kituoni aweza kupiga simu ya watoto namba 116, isiyolipiwa.

Kuna faida ya kazi pia, ambayo wapelelezi waifikirie. Mtoto ni shahidi. Yeye ndiye aliyemwona mgeni akizunguka ghala, yeye ndiye anayejua jirani gani humshika binti wa mwenzake. Lakini mtoto aliyezoea kwamba kila mkubwa mwenye mamlaka humpiga, na ambaye nyumbani hutishwa kwa kuambiwa polisi atakuja kumchukua, hatasema neno mbele ya sare. Atatazama chini. Na msichana aliyezoea kutii fimbo ya mwalimu hujikuta hana neno la kukataa siku mwalimu huyohuyo akimwita nyumbani kwake jioni. Tunasema hili bila kuwatia walimu wote katika kapu moja. Wengi ni watu waaminifu. Lakini mpelelezi aliyewahi kushughulikia mashauri ya namna hiyo anajua kwamba mara nyingi kimya cha mtoto huanzia mbali.

Limebaki neno la ndani ya uzio. Jeshi lina shule zake kambini, na polisi ina shule zake, pamoja na vyumba vya kulelea watoto wadogo ambao mama zao wako kazini. Katika shule hizo hakuna wa kusingizia wizara wala mila za kijiji. Mkuu wa kambi ana mamlaka, na amri yake husikika. Wazazi wote ni watumishi waliokula kiapo cha kuilinda Katiba, ambayo ibara yake ya 24 tumeitaja. Na watoto hawa wana mzigo wao tayari: baba yuko Somalia kwa mwaka mzima, mama hulala na redio masikioni, uhamisho huja katikati ya muhula na mtoto huanza upya kwa marafiki wapya na lugha mpya. Mtoto wa namna hiyo akikosa utulivu darasani, kiboko kitamjibu swali gani? Na wale wadogo wa miaka mitatu, wanaofinywa kwa kukojolea mkeka, hata hawajui wameadhibiwa kwa nini.

Wakuu wa kambi huwa na desturi ya kukagua. Hukagua vitanda, viatu, ghala la silaha, hata mitaro. Muhula ujao unapofunguliwa, na wakague pia shule, nao wasiishie ofisini kwa mwalimu mkuu ambako chai imeandaliwa. Waingie katika chumba cha walimu, watazame nyuma ya mlango. Zile fimbo zitakazokutwa zimeegemezwa hapo zipelekwe jikoni. Uji wa saa nne unahitaji kuni.